Akiba ya Uzeeni na Mtaji wa Biashara

Katika mabaraza yetu limekuwa likizungumzwa sana suala moja, na khasa baina ya vijana walioajiriwa. Je, ni bora mtu aache sehemu ya mshahara wake ikatwe kila mwezi, iwekwe katika mfuko mpaka astaafu? Au ni bora fedha hizo azipate mkononi leo, azitie katika biashara, zizae angali na nguvu zake?

Wanaoshika upande wa biashara wana hoja, tena hoja ya haki. Miji yetu ya Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa haikujengwa kwa mishahara. Ilijengwa kwa majahazi na pepo za kaskazi na kusi. Bwana Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija (R.A.) kwenda Sham, akarudi na faida. Na Sayyidna Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hali hana kitu, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi.

Wanaoshika upande wa akiba nao hawakukosa. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kinatufundisha kuwa miaka saba ya neema iliwekewa ghala kwa ajili ya miaka saba ya shida. Hakuna aliyesema kuwa Nabii Yusuf alipungukiwa na tawakkul kwa kuweka nafaka. Na uzee ni mwaka wa shida ambao kila aliyejaaliwa umri ataufikia.

Basi ikiwa zote mbili ni kheri, tusiulize tu ipi italeta mali nyingi zaidi. Hilo ni swali la mwenye tamaa. Tuulize: fedha hii ni ya nani, na ikipotea ataumia nani?

Tutazame kwanza hesabu. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutekelezwa mwaka 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa na mwajiri naye hutoa asilimia 6. Mwenye kulipwa shilingi 30,000 hukatwa 1,800, na mwajiri huongeza 1,800 nyingine. Kwa mwaka zinakuwa shilingi 43,200. Kwa miaka 30, hata kabla ya kuhesabu pato lolote, ni shilingi 1,296,000. Tanzania Bara mchango wote hufika asilimia 20 ya mshahara. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 5 na mwajiri hutoa 15. Sehemu hiyo ya mwajiri si sadaka. Ni ujira wako uliocheleweshwa. Kijana anayeona fahari kufanya kazi pasipo kuandikishwa, ili apokee mshahara wote mkononi, huwa amemwachia tajiri haki yake mwenyewe.

Na mwenye fedha hii ni nani? Ni wewe, naam, lakini si wewe wa leo. Ni yule mzee wa miaka 70, macho hayaoni vizuri, magoti yanauma, hawezi tena kuamka usiku kwenda sokoni. Ni mkeo utakapokuwa umemtangulia. Watu hao leo hawana kauli. Hawawezi kukukataza usitie fedha yao katika biashara uliyoisikia jana. Kwa hiyo wewe mwenye nguvu ni kama msimamizi wa mali ya yatima, na sote twajua jinsi dini yetu ilivyotahadharisha juu ya mali hiyo.

Lakini mali ya yatima haitakiwi kufungiwa sandukuni. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliagiza ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Hapo pana hekima kubwa. Wazee wetu walisema akiba haiozi, nasi tumeona kuwa fedha ya karatasi huoza. Mwaka 1970 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi saba na senti chache, Kenya na Tanzania pia. Leo ni zaidi ya shilingi 120 kwa Kenya na zaidi ya 2,000 kwa Tanzania. Aliyeficha noti zake chini ya godoro ameibiwa bila ya mwizi kuingia nyumbani. Kwa hiyo akiba nayo lazima ifanye kazi, lakini kwa uangalifu wa mwenye kushika amana.

Hapa huingia shaka ya riba, nayo ni shaka ya kuheshimiwa. Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, alitoa fatwa kwamba nyongeza inayotiwa katika mfuko wa lazima wa wafanyakazi haiingii katika hukumu ya riba, kwa kuwa mfanyakazi hajaimiliki fedha ile mpaka akabidhiwe. Wako wanazuoni wasioafikiana naye, na kila mtu na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini mlango haukufungwa. Malaysia walianzisha mwaka 1963 mfuko wa kuwawezesha Waislamu kuweka akiba ya Hija pasipo riba, na tangu mwaka 2017 mfuko mkuu wa wafanyakazi wa nchi hiyo huwapa wanachama hiari ya kuwekewa fedha zao kwa taratibu za sharia. Nasi tuna haki ya kudai mfano huo kwa viongozi wa mifuko yetu. Kususa bila ya kudai si uchaji.

Tukija katika biashara, yako mambo mawili tunayoyaona kila siku, nayo yataka kusemwa wazi.

La kwanza ni kiinua mgongo. Mtu amefundisha shuleni au amekaa bandarini miaka 35, hajauza hata pakiti ya chumvi. Siku anapopokea mafao yake, jamaa humjaa. Mpwa ataka gari la abiria, shemeji ataka duka la vipuri. Fedha hutoka pasipo kuandikiana, kwani nani atamwandikisha mpwa wake? Hali Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuamrisha tuandikiane madeni, wala hakuwavua jamaa. Na afahamu mzee huyo sheria ya mudharaba: mtaji ukiangamia bila ya uzembe wala khiyana ya mfanya kazi, hasara ni ya mwenye mtaji. Mpwa wake ana miaka 25 ya kuanza upya. Yeye hana.

La pili ni la hao wafanyabiashara wenyewe. Mwenye duka husema: "Pensheni yangu ni watoto wangu." Ni kweli kuwa kuwatunza wazazi ni wajibu wa mtoto. Lakini wajibu wa mwanao usiufanye mtaji wako. Bwana Mtume (S.A.W.) alimfahamisha Saad bin Abi Waqqas kuwa kuwaacha warithi wake wamejitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Mtoto anayemlisha baba na huku anawasomesha wanawe hupata thawabu, lakini hawezi kuweka akiba yake, na uzee wake nao humwangukia mjukuu. Hivyo ufukara hurithiwa kama shamba.

Na kuna lililo zito zaidi. Tajiri huyo ana vijana wanne dukani. Hajawaandikisha katika mfuko wowote. Au amewaandikisha, akawakata, na makato akayazungusha katika biashara yake. Hii si werevu wa biashara. Ni kula ujira wa mtu baada ya jasho lake kukauka. Mtaji wa namna hiyo, hata ukijenga ghorofa na msikiti kando yake, una wenyewe watakaoudai siku ambayo hakuna shilingi ya kulipia.

Basi kijana mwenye ari na afanye biashara, na Mwenyezi Mungu ambarikie. Aanze mapema, kwa mtaji ambao ukipotea atalala na njaa yeye wa leo, si yule mzee wa kesho. Ya uzeeni ayaache yakatwe, na kila mwaka aulize mfuko kama michango imefika, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Naye aliyejaaliwa kuwa tajiri, kabla ya kuhesabu faida yake, na ahesabu kwanza fungu la uzee wa waliomtumikia.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atukinge na uzee wa kuomba. Amin.