SHAHADA NI USHAHIDI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Katika safari yetu ya bara tulishukia Mwihoko, upande wa Ruiru, kwa jamaa zetu waliohamia huko kutoka pwani. Jina la mahali pale kwa lugha ya Kikuyu maana yake ni matumaini. Nako si mbali na vyuo vikuu: Kenyatta kiko karibu, na ukiishika njia ya Thika utakikuta kile cha Juja, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani. Wazazi wengi wa pwani hupeleka watoto wao pande zile, na wengine huuza walicho nacho ili wawasomeshe.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alitujia kijana wa kwetu aliyemaliza masomo yake. Chuo chake hatukitaji. Akatwambia: “Sheikh, mimi nina shahada ya umeme, na umeme wenyewe sina. Miaka minne tulichorewa nyaya ubaoni. Mtambo ulikuwa mmoja, nasi tuliutazama kwa mbali.” Alipokwenda kuomba kazi alijaribiwa mbele ya fundi, akashindwa. Na babake alikwisha kuuza shamba la minazi. Sasa riziki yake ni kuwaandikia insha, kwa njia ya mtandao, wanafunzi wa Uingereza na Marekani, nao huzipeleka kwa walimu wao kana kwamba wameziandika wenyewe. Akatuuliza: “Je, Sheikh, chumo hili ni halali?”

Ndugu zetu, neno shahada maana yake ni ushahidi. Chuo kimpapo mtu shahada, chashuhudia mbele ya Mungu na mbele ya watu kwamba huyu ajua kazi hii. Ikiwa hajui, na waliomfundisha wajua kwamba hajui, huo ni ushahidi wa uwongo. Na imesihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alitaja ushirikina na kuwaasi wazazi, naye ameegemea; kisha akaketi, akautaja ushahidi wa uwongo, akalikariri neno hilo hata masahaba wakatamani anyamaze.

Wanavyuoni wetu waliliogopa jambo hili. Hawakumpa mwanafunzi ijaza ila amesoma kitabu mbele yao, wakamsikia na kumsahihisha. Kwani jina la mwalimu liliandikwa pamoja na la mwanafunzi, na aibu ya mmoja ilikuwa aibu ya wote wawili. Na kile Chuo cha Waislamu cha Mombasa, kilichojengwa kwa michango ya Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja, na Aga Khan, na Mabohora, kikapokea wanafunzi mwaka 1951, kilifundisha umeme, mitambo na ubaharia ili Muislamu apate kazi ya kushika mkononi. Ndicho hicho ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Mtu atasema: “Kosa ni la kazi, hazipo.” Ni kweli kazi ni chache, na hata hodari hukaa bure. Lakini mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki lilitangaza kwamba, kwa maoni ya waajiri, katika kila wahitimu mia moja wa Kenya, 51 hawakufaa kwa kazi; Tanzania 61, na Uganda 63. Basi uchache wa kazi ni msiba mmoja, na ushahidi wa uwongo ni msiba wa pili juu yake.

Yapasa mzazi, kabla ya kuuza shamba, aende akakitazame chuo: aulize walimu ni wangapi, mitambo ni mingapi, na waliotangulia wako wapi. Na yapasa mwanafunzi adai kufundishwa, asiridhike na kuhesabu miaka.

Ama yule kijana, tulimjibu kwamba chumo lile halifai. Uwongo uliomdhulumu yeye ndio anaowatengenezea wengine. Na huko Uingereza yenyewe sheria ya mwaka 2022 imeikataza biashara hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Nimekusikia, Sheikh. Na mama atakula nini kesho?”

Hapo tulijiona wenye deni. Fatwa isiyo na msaada ni nusu ya kazi. Tulizungumza na jamaa zetu, wakakubali kumlisha mamake kwa miezi mitatu, na mmoja wao akampeleka kwa fundi atiaye umeme katika nyumba zinazojengwa pale Mwihoko, ili ajifunze kwa mikono yale aliyochorewa ubaoni. Kama ataweza kuvumilia, Mungu ndiye ajuaye.

Nanyi wenye karakana na maduka, Mombasa, Malindi na Lamu: kila mmoja na amchukue kijana mmoja, amfundishe kwa haki, na asimshuhudilie ila kwa alilolijua.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na ushahidi wa uwongo. Amin.