TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 22: Kijana, Simu ya Macho Matatu na Bei ya Heshima



Ndugu yangu uliyefunga, tumeingia kumi la mwisho. Usiku watu wanaitafuta Lailatul Qadri, mchana vijana wanatafuta pamba za Idi. Hapa Usinge, sawa na Kaliua na Urambo, mfungo umetukuta tumbaku bado iko mabanini. Soko halijafunguliwa, chama cha msingi hakijamlipa mtu, lakini kijana ameshachukua raba na simu kwa ahadi ya "nitalipa soko likifunguka". Mwingine ameingia kwenye mkopo wa kausha damu. Mwingine anaendesha bodaboda ya mtu, hesabu ya bosi haijatimia, na simu mkononi ni ya macho matatu.

Swali la leo: kwa nini mwenye hela kidogo ananunua kitu kilichomzidi uwezo? Jibu la haraka tunalo. Ushamba, kuiga mitandao, kukosa akili ya maisha. Sisi watu wazima tunalipenda jibu hilo kwa sababu halitugusi. Leo tulitazame vizuri.

*Jambo hili si geni kwetu*

Reli yetu ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake, misafara ilipita nchi hii kwa miguu kati ya pwani na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa vijana wa Kinyamwezi, na wasafiri wa zama hizo waliandika kwamba kijana ambaye hajawahi kubeba mzigo hadi pwani alionekana hajawa mwanaume. Ujira wake mara nyingi ulikuwa nguo: merikani, kaniki, na kwa aliyebahatika, nguo za rangi kutoka India na Maskati. Hata shanga zilikuwa na fasheni yake. Mfanyabiashara aliyekuja na rangi ambayo watu wameshaichoka alikwama nayo, chakula hauziwi. Kwa hiyo tusiseme vijana wa zamani hawakujali kuonekana. Walitembea miezi kadhaa na mzigo begani, na sehemu ya walichokitafuta ni kurudi nyumbani wakiwa watu wanaotazamwa.

Kuna mfano mzito zaidi, wa Unguja. Watumwa kwa desturi hawakuvaa viatu wala kufunika vichwa kama waungwana, na nguo zao zilikuwa merikani na kaniki za bei ya chini. Baadhi yao wenyewe au wazazi wao walipitishwa kwenye njia hii hii ya Tabora. Mwaka 1897 Sultani alipoondoa utumwa kisheria, wengi walianza kuvaa kanga, kanzu na kofia. Hawakuwa matajiri. Kwao kofia ilikuwa na maana ya kwamba mimi ni mtu, si mali ya mtu. Hivi nani kati yetu angethubutu kumwambia yule mama aliyenunua kanga yake ya kwanza kwamba anafanya israfu?

Basi tukubali jambo moja. Kiu iliyo chini ya manunuzi haya mara nyingi ni kiu ya heshima, na kutaka heshima si dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Ndani ya Qur'ani, Surat al-A'raf aya ya 31, tumeamrishwa kuchukua mapambo yetu tunapokwenda kuswali, na hapo hapo tukakatazwa kupita kiasi. Mapambo na mpaka wake vimewekwa katika aya moja.

*Nani anapanga hiyo bei?*

Bukhari amepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd kwamba alipita mtu mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akawauliza waliokuwepo wanamwonaje. Wakasema huyu akiposa ataozwa, akimwombea mtu atakubaliwa, akisema atasikilizwa. Akapita Mwislamu masikini. Wakasema huyu akiposa hataozwa, akiombea hatakubaliwa, akisema hatasikilizwa. Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba huyu masikini ni bora kuliko dunia iliyojaa watu mfano wa yule wa kwanza.

Tunapoisoma hadithi hii tunakimbilia mwisho wake. Leo simama kwanza kwenye majibu ya wale watu. Kuozwa, kukubaliwa, kusikilizwa. Hivyo ndivyo vitu vitatu ambavyo kijana wetu anadhani ataviona akishika simu ya bei. Je, amekosea? Jamani, tuseme kweli. Kijana mwenye kitochi akiposa, tunamuuliza nini? Akisimama kuongea kwenye kikao cha familia, nani anaacha kutafuna ili amsikilize? Shughulini anakaa wapi, na sahani inamfikia ya ngapi? Yeye ameyasoma macho yetu na kuyaelewa. Sisi tumeandika bei, yeye amekwenda kulipa, halafu tunamcheka kwamba amelipa.

Na kuna hesabu nyingine tusiyoiona. Hela taslimu mfukoni mwa kijana ina wenyewe wengi: shangazi anaumwa, mdogo wake hana sare, rafiki anakopa. Kusema "sina" huku unayo ni vigumu. Akiigeuza kuwa simu, angalau inabaki yake. Na nyumba ya tofali za kuchoma ikionekana iko mbali kama mwezi, kiatu kinaonekana kiko karibu. Huo si ujinga mtupu. Ni akili inayofanya kazi mahali penye nafasi ndogo.

*Lakini mdogo wangu, nawe nisikilize*

Kukuelewa si kukuruhusu. Tuchukulie simu inayouzwa 700,000 taslimu. Kwa mkopo unatanguliza 100,000, halafu 3,000 kila siku kwa mwaka. Jumla ni 1,195,000. Umeongeza 495,000 juu ya bei, na siku ukichelewa, simu inajifunga. Yaani kitu ulichonunua ili uonekane huru, kinakuamsha alfajiri kukudai. Na kama ni kausha damu, wanaofuatwa mlangoni mara nyingi si wewe, ni mama yako. Hapo heshima yako imelipwa kwa fedheha ya mwingine, na huo ndio mpaka ambao uzuri unageuka dhuluma.

Pili, Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayejionyesha kwa kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Nguo ya uongo ina kazi kubwa: haivuliki. Ukishawaaminisha watu kwamba unazo, lazima uendelee. Utachangia usichoweza, utaogopa kupanda gari la bei rahisi, utaikimbia kazi ya kuchambua tumbaku usije ukaonekana. Na yule anayekusalimia, anaisalimia simu. Siku ikiuzwa, salamu inaondoka nayo. Watu wa Qarun walimtazama akitoka na mapambo yake wakatamani wangekuwa yeye. Kesho yake, ardhi ilipommeza, hao hao wakashukuru kwamba hawakuwa yeye.

*Mfungo unatufundisha nini?*

Tazama ibada tuliyonayo mwezi huu. Swala inaonekana, sadaka yaweza kuonekana, hija inaonekana. Funga haina picha. Aliyefunga na asiyefunga wanapita barabara moja pale stesheni na hutawatofautisha. Ungeweza kunywa maji ndani peke yako, na hukunywa. Kwa siku 22 umefanya jambo la thamani kubwa ambalo hakuna binadamu aliyeliona kwa hakika, na hukupungukiwa kitu. Kumbe unaweza. Kumbe kuna kuonekana na Mola kunakotosha. Huo ndio utajiri wa nafsi aliotufundisha Mtume (s.a.w.), kwamba utajiri si wingi wa vitu.

Na leo ukienda tarawehe, angalia mlangoni. Raba ya laki na kandambili vimelala chini pamoja. Ndani, aliyewahi ndiye anayesimama mbele, bega kwa bega. Kwa dakika chache tunapata jamii ambayo nafasi ya mtu hainunuliwi. Mtihani wetu ni kuitoa saf ile nje ya mlango.

Kwa hiyo tuondoke na kazi mbili. Kijana, kabla ya kununua cha Idi jiulize: ningekitaka hiki kama hakuna atakayekiona? Nani mwingine atalipa nikikwama? Soko likifunguka, hela hii ilikuwa na kazi gani? Ukijibu na ukaridhika, vaa upendeze, ni sunna siku ya Idi.

Nasi wazazi, wajomba, maimamu: kabla ya kumhubiria, tubadilishe bei. Kesho mtafute mwenye kitochi, msalimie kwa jina lake, muulize maoni yake na umngoje amalize kusema. Mwenye tabia njema na kazi ya mikono akiposa, tusianze na simu yake. Tukimpa bure heshima aliyostahili, dukani hatakuwa na cha kwenda kuitafuta.

Ewe Mola, utupe utajiri wa nafsi, utuepushe na deni linalovunja uso, na uyafanye macho yetu yawaone waja wako kama unavyopenda waonwe. Aamin.

Futari njema. Mfikishie na mwenzako.