Masikio ya Nani?

Anayenunua redio ya gari anajinunulia mwenyewe. Anayenunua ekzosi anawanunulia majirani. Bomba linatazama nyuma, vioo vimepandishwa, na dereva ndani anapata mngurumo uliokwisha chujwa. Mama anayembembeleza mtoto kwenye nyumba ya barabarani anaupata mzima. Ndiyo maana nimechukua miezi mitatu kuamua jambo ambalo fundi wa Gerezani angelimaliza mchana mmoja kwa mashine yake ya kuchomelea.

Gari ni Subaru Impreza ya zamani. Injini yake ina pistoni nne zilizolala, mbili kila upande, na kwa magari mengi ya umri wake mabomba yanayotoka pande hizo mbili hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja unawahi, wa pili unachelewa, na hapo ndipo unapozaliwa ule mdundo wa kukatikakatika unaotufanya tugeuze shingo. Ukiyalinganisha mabomba, mdundo unakwisha. (Tunachokipenda, basi, ni kasoro. Si mara ya kwanza.)

Fundi alinipa njia tatu: kukata sailensa ya nyuma tu na kuweka iliyo wazi zaidi, kubadili bomba lote kuanzia nyuma ya masega, au kutoa na masega yenyewe, “gari lipumue, bosi.”

Hoja niliyoisikia sana kwa rafiki zangu ni kwamba Dar ina kelele tayari, kuna baa, spika za mahubiri, bodaboda, kwa hiyo yangu haitaongeza kitu. Hiyo siipi uzito. Kila aliyeongeza ya kwake alisema hivyo hivyo. Nzito ni hii nyingine: furaha nayo ina haki ya kusikika. Matarumbeta ya harusi yakipita juu ya pikapu hatudai yawe yametuomba ruhusa. Nimeifikiria sana. Lakini harusi hupita mara moja, na mtaa hutoka vibarazani kucheza. Mimi nitapita saa kumi na moja alfajiri, kila siku ya kazi, na hakuna atakayetoka kucheza.

Hata hivyo, njia ya tatu ndiyo iliyonigeuzia swali. Ndani ya masega kuna vitundu vidogo mno vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, na mabaki ya petroli ambayo hayakuungua humaliziwa hapo. Madini hayo ni ya thamani, ndiyo maana masega ya zamani yana wanunuzi. Ukiyauza, unapunguza gharama ya kazi. Na ukiyatoa ukabakiza sailensa nzuri, mtaani hakuna atakayegeuka. Mtoto yule ataendelea kulala, akivuta moshi wangu.

Kwa desturi zetu, kijana wa Subaru inayonguruma ni mhuni, na mwenye gari jeusi lililo kimya, lisilo na masega, ni mstaarabu anayepewa salamu. Nadhani tumewapanga kinyume. Kelele angalau humtaja mwenyewe: aliyesumbuliwa anajua nani kamsumbua, anaweza kusimama getini akamtukana. Anayevuta moshi hana wa kumtukana. Anakohoa tu, akilaumu vumbi.

Kwa hiyo nimemwambia fundi masega yabaki. Aliniangalia kama mtu aliyekataa chenji yake. Kuhusu sailensa ya nyuma bado tunavutana: yeye anataka bomba la inchi tatu, mimi naomba mbili na nusu. Tumekubaliana kwamba kabla hajachomelea moja kwa moja, yeye atakaa ndani akanyage mafuta, nami nitasimama nyuma, hatua ishirini, upande wa nyumba za watu.