Kazi ya Riba na Njaa ya Nyumbani

Ndugu msomaji, ni rahisi kumwambia mtu "haramu ni haramu" ukiwa umeshiba. Swali gumu ni hili: kijana asiye na kitu, mwenye wazazi wanaomtegemea, afanye nini anapopata kazi ambayo dini yake inaitilia shaka?

Hapa Shume tunao vijana wa namna hiyo. Mmoja niliyemfundisha madrasa amemaliza chuo na kupata kazi ya afisa mikopo katika taasisi inayokopesha kwa riba. Baba yake mgonjwa, mama analima viazi na kabichi kwenye kipande cha mlimani, na wadogo zake wanasoma. Ameniuliza: nichukue au niache?

Hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Imamu Muslim imewaweka sawa katika laana mla riba, mlishaji, mwandishi na mashahidi wake. Kwa upande mwingine, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuwatelekeza wanaokutegemea ni dhambi tosha. Basi yule asemaye kuwa familia ni kisingizio tu, naye hajaijua dini.

Wanachuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Sheikh Bin Baz, aliyefariki 1999, alikataza kazi katika benki za riba. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki 2022, alimruhusu mwenye haja, huku moyo wake ukichukia riba. Lakini hata ruhusa ina mipaka. Qur'an (2:173) inamsamehe aliyelazimika, asiyetamani wala kupindukia. Aliyeruhusiwa kula mzoga kwa njaa hakuruhusiwa kufungua bucha la mizoga! Kukosa mlo ni dharura. Kukosa gari si dharura.

Kisha kuna jambo tunalolisahau. Tunapima dini ya kijana dhidi ya njaa ya mama yake, kana kwamba hakuna mtu wa tatu. Yupo. Ni mkulima aliyekopa fedha za mbegu na mbolea, bei ya viazi ikaanguka, na afisa mikopo akaja kuchukua godoro na mbuzi. Si bure watu wameiita mikopo ya aina hiyo "kausha damu". Je, ni haki mama yangu ashibe kwa godoro la mama wa mwenzangu?

Kwa hiyo nimemshauri aiache. Angekuwa ameitiwa ulinzi au ufagizi katika taasisi hiyo hiyo, na nyumbani hakuna mlo, ningesita kumkataza, kwa sharti kwamba aendelee kutafuta kwingine.

Lakini ushauri huu una deni. Imamu Abu Hanifa alikataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur mpaka akafungwa. Tunamsifu, na anastahili. Tukumbuke pia kuwa alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Riziki yake haikutoka kwa mtawala. Na mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyetoka katika nyumba ya kimasikini, hakumwambia tu "subiri" bali alimsaidia kwa fedha zake ili asiache kusoma. Abu Yusuf huyo ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa Harun al-Rashid.

Sisi je? Amana Bank ilianza 2011 na CRDB ikaanzisha huduma ya Al Barakah 2021. Ni hatua, lakini haziwezi kumwajiri kila mhitimu wala kumfikia kila mkulima wa milimani. Zaka yetu iko wapi? Nani katika msikiti wako yuko tayari kumkopesha kijana mtaji wa gunia chache za viazi, bila riba, arudishe baada ya mavuno?

Jamii inayomtaka kijana akatae haramu, kisha ikamwacha alale na njaa peke yake, imemtwika mzigo wa watu wote. Anayesema "acha" aseme pia "shika hiki".

Wallahu a'lam.