Kucheza Huku Unalia



Leo naanza na aibu yangu. Wiki tatu baada ya kumzika mama, nilikuwa nyuma ya nyumba nafua kanzu, simu iko juu ya ndoo niliyoipindua, inapiga muziki. Bila kujua, mabega yakaanza kwenda yenyewe. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amekuja kutujulia hali, akanikuta hivyo. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema polepole: "Frateri, hata arobaini ya mama haijafika, nawe unacheza?"

Nikazima simu. Shahada ya falsafa ninayo, ila jibu sikuwa nalo. Na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Anayefurahi wakati moyo una msiba, je, anamsaliti marehemu? Au furaha yake ni ya uongo tu?

Wimbo wenyewe unaitwa "How Deep Is Your Love?", wa bendi ya The Rapture ya New York, mwaka 2011. Usiuchanganye na ule wa Bee Gees wa 1977. Jina ni moja, nyimbo ni mbili. The Rapture hupiga rock ya kuchezeka, yaani gitaa kali juu ya besi ya disko. Wengi huwakumbuka kwa "House of Jealous Lovers" wa 2002, ule wenye kengele ya ng'ombe inayogongwa. Lakini huu wa 2011 mimi naona ndio wenye uzito zaidi.

Kwa nini? Mwimbaji wao, Luke Jenner, alimpoteza mama yake, aliyejitoa uhai. Mwaka 2008 Jenner akaiacha bendi, baadaye akarudi. Katika miaka hiyo pia akaingia Kanisa Katoliki. Kisha ikaja albamu In the Grace of Your Love, iliyotayarishwa na Mfaransa Philippe Zdar, na wimbo huu umo ndani yake. Kwenye jalada kuna picha ya baba yake Jenner akiteleza juu ya wimbi la bahari.

Mtu mwenye msiba wa namna hiyo ungetegemea alete kilio. Yeye kaleta kinanda cha muziki wa hausi, muziki uliozaliwa kwenye klabu za Wamarekani weusi kule Chicago na uliochota mengi kwenye nyimbo za gospeli. Mdundo haukatiki, kinanda kinarudia palepale, saksafoni inaingia. Na juu ya yote hayo kuna swali: upendo wako una kina gani? Anamwuliza nani? Mpenzi? Mama? Mungu?

Utaniambia, "Frateri, huo ni wimbo wa klabu, usiubatize kwa nguvu." Sawa. Siupeleki kwenye Misa, liturujia ina nyimbo zake. Mimi nashughulika na swali la yule mama.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliuliza karibu vilevile katika Summa Theologiae: furaha itokayo katika mapendo yaweza kuchanganyika na huzuni? Akatofautisha. Tukifurahia wema wa Mungu kama ulivyo ndani yake mwenyewe, hapo huzuni haina nafasi, maana wema huo haupungui. Lakini tukifurahia namna tunavyoushiriki wema huo, sisi na wale tuwapendao, huzuni yaweza kuingia, kwa sababu kushiriki kwetu kunaweza kuzuiwa. Basi furaha na huzuni zinaweza kukaa nyumba moja, na mwenye nyumba ni upendo. Thomas huyohuyo, akitaja dawa za huzuni, anaanza na raha, anataja machozi, marafiki na kutafakari ukweli, halafu anamalizia na usingizi na kuoga! Mtakatifu anakwambia nenda kaoge.

Ila tusijidanganye. Kuna kucheza kwa kukimbia. Kipimo changu ni hiki: furaha ya kukimbia inakutaka usahau jina la marehemu. Furaha ya mapendo inakuachia ulitaje.

Kwa kweli wiki zile Zaburi zilinikauka mdomoni. Swali la kina cha upendo nilikuwa nalo, ila kwa hasira. Wimbo ule ulinisaidia kuliuliza bila kuanguka. Na nikaona kwamba kuuliza si kukosa imani. Nani anauliza kina cha maji asiyotaka kuyaingia? Mtume Paulo mwenyewe aliwaombea Waefeso wakijue kina cha upendo wa Kristo.

Siku ya arobaini nilimfuata yule mama, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, nilidhani umeshamsahau."

"Sijamsahau, mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kucheza, jikoni, redio ikiwa dirishani."

Akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Vyote viwili kwa mara moja. Thomas angefurahi.

Wewe je, kuna furaha unayoificha kwa kuogopa kwamba utaonekana umesahau? Leo usiku kabla ya kulala, mtaje kwa jina uliyempoteza, umshukuru Mungu kwa ajili yake. Mabega yakitaka kwenda, yaache yaende.

Tuombeane.