Gitaa la Besi na Bati la Mama



Leo chungu cha 18. Kesho kutwa magharibi, tukijaaliwa, tunaingia kumi la mwisho. Nilikutayarishieni maneno ya itikafu, nimeyaweka kwa kesho. Leo nina jambo langu mwenyewe, na nalisema sasa kwa sababu sitaki kuingia nalo katika kumi hilo.

Mimi nina gitaa la besi. La umeme, nyuzi nne, jeusi, limekwaruzika mgongoni. Wanaonijua hapa Makunduchi wanalijua, na wengine mmeshanisema nalo nyumba hadi nyumba. Kwa wasiolijua: hili si lile gitaa lenye tundu tumboni. Hili ni ubao mtupu. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, mtikisiko unageuka umeme, umeme unakwenda kwenye amplifaya, na spika ndiyo inayolia. Ukichomoa waya linabaki kunong'ona tu. Aliye chumba cha pili hasikii kitu.

Ramadhani hakuna harusi, vikundi vimepumzika, na mimi nililisukuma chini ya kitanda tangu mwezi ulipoandama. Chungu cha sita, baada ya tarawehe, vidole vikaniwasha. Nikalitoa, bila ya waya, mama kalala chumba cha pili. Nikajiambia: nani anasikia?

Neno lile likanikwama. Maana mchana wa siku ile ile nilikuwa bafuni natia udhu, kiu imenikamata, maji yamejaa kiganjani, na sikumeza hata tone. Nani alikuwa akiniona bafuni? Basi Yule niliyemuogopa mchana kwa tone la maji, usiku nimemuweka wapi?

Najua mnangoja niseme muziki haramu, tufunge darsa. Subirini. Mimi si mufti, na katika mambo ya fatwa muulizeni mwanachuoni mnayemuamini. Nnachokijua ni hiki: jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne, na sisi Shafi'i tumo, wamekataza ala za nyuzi, na hadithi kubwa wanayoitegemea imo katika Bukhari, ya Abu Malik al-Ash'ari. Ibn Hazm wa Andalusi akasema sanadi yake imekatika. Imamu Ghazali katika Ihya akaandika kitabu kizima juu ya kusikiliza, akafungua milango mingi, lakini nyuzi akazibakisha upande wa makatazo. Na huku kwetu Unguja nyuzi hazikuanza jana: Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, na vikundi vikubwa vya taarab vina lile besi la kusimama, refu kumpita mpigaji. La umeme lilianza kuuzwa kwa wingi Marekani miaka ya 1950, na taarab ya kisasa ikalipokea pamoja na kinanda. Kwa hivyo ubishi huu ni mzee, umetukuta na utatuacha.

(Na hili niliseme pembeni: siku za Mwaka Kogwa ngoma inalia hapa mpaka asubuhi, na baadhi ya wanaonisema mimi huwa wa mwanzo kutafuta pa kukaa. Sijitetei. Nimesema tu.)

Sasa siri yangu. Mimi nilikuwa naupenda ubishi ule. Akija mtu na Bukhari, namtolea Ibn Hazm. Akija mwengine na kusema halali tupu, namrudishia Ghazali. Kundi zima linawaka mpaka saa sita za usiku. Na muda wote ule hakuna hata mmoja aliyeniuliza: gitaa lenyewe umenunua kwa fedha gani?

Fedha ilikuwa ya mama. Ya mwani. Kilimo kile kilianza pwani yetu hii ya mashariki 1989, na mnajua kazi yake: maji yakitoka bamvua wanashuka, vigingi, kamba, kufunga mbegu moja moja, mgongo umeinama, jua la juu na chumvi ya chini, kisha uvunwe, uanikwe, upimwe kwa kilo ambazo ukikauka hazibaki kitu. Alikusanya misimu, akanipa nende mjini kumnunulia bati za upande wa jikoni. Nikapanda gari ya 310 na nia safi. Mjini nikakutana na mtu anauza besi. Jioni nimerudi na begi refu, na uongo: "Bati zimepanda, mama, nimeacha arubuni dukani."

Huo ni mwaka na nusu sasa. Masika yaliyopita aliweka sufuria chini ya mvujo, tukawa tunalala tunasikia tone, tone. Mimi mpiga besi, kazi yangu kushika mapigo, na tone lile halikukosea hata mara moja.

Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja Siku ya Kiyama hasogezi nyayo mpaka aulizwe: umri wake, elimu yake, mwili wake, na mali yake. Tazameni, kwenye mali maswali ni mawili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Mimi nilijiandalia majibu ya swali la pili tu. Vitabu vyote nilivyofungua ni vya swali la pili. La kwanza nililiacha linavuja jikoni.

Juzi baada ya kufuturu nikamwambia. Alikuwa anakosha vyombo, hakugeuka.

"Mwenye duka gani huyo anakaa na arubuni ya mtu mwaka mzima?" akasema. "Mie nilijua tangu ulipoingia na begi."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikamwambia nitaliuza. Akasema: "Uuze, usiuze, hayo yako na Mola wako na masheikh zako. Mie nataka bati langu kabla ya masika."

Ndugu zangu, shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Hiyo imo katika Muslim. Shahidi! Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mwanzo, katika kumi la maghfira, naomba msamaha kwa machozi, na bati za mama ziko chini ya kitanda changu, zina nyuzi nne.

Gitaa limeondoka jana na gari ya asubuhi. Limeuzwa pungufu kuliko nililonunulia. Bati zimepatikana, misumari na ujira wa fundi bado, na hizo nitazitoa kwa kushuka pwani na mama bamvua lijalo. Amesamehe, lakini hakunisamehe misumari. Kama siku moja nitanunua jengine kwa fedha yangu, hapo ndipo ule ubishi wa masheikh utakaponihusu kweli.

Amplifaya nimebaki nayo. Inapokea maikrofoni, na wenye darsa la akina mama baada ya Alasiri wakitaka kuazima wanitafute. Waje na mtu wa kubeba, nzito.

Kesho in shaa Allah, itikafu. Wabillahi tawfiq.