Kabla ya Ndege, Shanzu

Wewe unayesomea uuguzi, unayeshuka matatu Shanzu wakati wa magharibi miguu ikiwaka moto baada ya zamu, nisikilize. Unaiota Uingereza. Iote! Tangu Julai 2021, Kenya na Uingereza zilipotia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya, ndoto hiyo ina njia rasmi. Ila usingoje kupanda ndege ndipo uanze kujifunza watu.

Tazama unapoishi. Hoteli za ufuoni zimewavuta Mluo, Mkamba na Mjerumani, wakamkuta Mgiriama kwake. Wote huugua. Akiletwa bibi harusi mwenye piko kucha zote, kumbuka kwamba rangi ile nyeusi inaweza kukidanganya kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kuna cha kubana sikioni, kiombe. Mgonjwa wa sukari akisema lazima afunge Ramadhani, usimkemee. Muulize daku hula saa ngapi, dawa huzitumia wakati gani, kisha mfikishe kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Ukimkemea atafunga vilevile, ila kwa siri, na hapo ndipo utakapompoteza.

Siku utakapofika kule, mgeni utakuwa wewe. Huku kwetu mgonjwa huja na ukoo mzima, na mara nyingi habari nzito huanzia kwa mjomba. Kule huambiwa mwenyewe kwanza, na jamaa hawaelezwi bila ridhaa yake. Ajuza wa miaka themanini atataka umwite kwa jina lake tupu, na ulimi utakukwama. Mwite! Heshima aliyoichagua ni hiyo. Na akiwa anaishi peke yake usikimbilie kusema wanawe wamemtupa. Muulize, umsikilize mpaka mwisho.

Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alitunukiwa Dubai mwaka 2022 tuzo ya Aster Guardians ya wauguzi wa dunia nzima, dola 250,000. Kazi iliyomfikisha huko aliifanya kijijini kwao: kupinga ukeketaji, na kuanzisha shule ambako watoto husoma asubuhi na wazazi wao jioni. Aliwajua watu wake, ndipo akaweza kuwaambia neno gumu wakamsikiliza.

Basi kesho, kabla hujamfunga mtu mkono kumpima presha, vuta kiti. Mwamkie. Kisha sema: “Bibi, nieleze, kwenu mambo haya hufanywaje?”